Meseji za Athumani na Jina la Mtoto

Nikae sawa kwanza, maana hadithi hii kila nikiisimulia hasira hunipanda. Mkiona sauti inapaa, nivumilieni. Si nyinyi mlionikosea.

Tabora walikuwepo wanawake watatu. Sikitu alikuwa mtu wa kuweka: risiti, vifungo vya shati, hata mifuko mitupu ya sukari. Bi Mwanjaa, mjane wa makamo, alikuwa hamwogopi mtu. Zamda, fundi simu mwenye kibanda karibu na stendi, alikuwa na mikono isiyo na haraka. Wa nne ni Hidaya, jirani yake Sikitu na mkwe wa Bi Mwanjaa, na kisa chenyewe ni chake.

Mumewe, Athumani, alikuwa dereva wa lori, akafia safarini. Hidaya alikuwa na mimba changa, tumbo halijaonekana. Siku ya tatu ya msiba shemeji yake, Shomari, akaingia chumbani.

"Shemeji, lete simu. Mwanamke wa eda hashiki simu."

Kitabu gani kimesema hivyo? Niambieni! Lakini Hidaya alikuwa amechoka kulia, akaitoa. Shomari akafuta meseji zote, akaizima, akaifungia sandukuni. Tumbo lilipochomoza, akasimama mbele ya wazee wa ukoo bila haya. "Mimba hii si ya marehemu. Ndugu yangu hakuijua. Mwanamke arudi kwao." Nyumba ya Athumani aliitaka yeye, basi.

Hidaya akaapa kwamba Athumani alijua, na waliandikiana.

"Zionyeshe hizo meseji," Shomari akasema.

Zionyeshe! Mtu aliyezifuta kwa kidole chake mwenyewe! Wazee wakampa Hidaya siku saba, azionyeshe au aondoke.

Sasa sikilizeni. Sikitu, mwaka mmoja kabla ya msiba, ndiye aliyeipanga simu ya Hidaya iwe inatunza nakala ya meseji mtandaoni kila siku. Hidaya alimgombeza: "Unanimalizia bando kwa upuuzi!" Sikitu akaandika neno la siri nyuma ya kalenda ya jikoni kwake. Mwaka ukaisha, kalenda hakuitupa. Aliposikia maneno ya Shomari, alikuja nayo mkononi. "Meseji zako zipo, Hidaya. Ila kuzifungua kuna namba zitatumwa kwenye laini yako. Bila laini tumekwama."

Laini ilikuwa ndani ya simu, simu ndani ya sanduku, ufunguo shingoni mwa Shomari. Bi Mwanjaa hakuomba ufunguo. Alichukua mchi akavunja kufuli mchana kweupe, mwanawe anatazama.

"Mama, unanivunjia sanduku kwa ajili ya mwanamke wa kuja?"

"Nimezaa wawili," akajibu. "Mmoja amekufa, na wewe unataka kumuua tena."

Akaifunga simu kwenye pindo la khanga, akaondoka. Tangu siku hiyo Shomari hamsalimii mama yake.

Kufika kibandani, Bi Mwanjaa alitaka kuiwasha hapo hapo. Zamda akamshika mkono. "Usiwashe, mama! Simu hii imefutwa. Ikipata mtandao tu, itapeleka nakala tupu juu ya ile ya zamani, na hamtaziona tena." Akachomoa laini, akaitia kwenye simu nyingine, akaanza kazi taratibu kwa neno la siri la Sikitu. Mara Shomari huyo. "Dada, sema zimepotea. Sitakusahau." Zamda akaendelea kubonyeza. Shomari akaipindua meza, vioo vya simu za wateja vikavunjika. Zamda akaiokota ile simu chini, akamalizia kazi amechuchumaa.

Wazee wakasomewa alichoandika Athumani: "Hidaya, nimeisoma mara tatu, nacheka peke yangu kwenye lori. Nikirudi tutamwambia mama pamoja. Shomari nimeshamwambia, amefurahi kuwa baba mdogo."

Shomari alijua! Alijua tangu mwanzo! Ngojeni nipumue.

Hidaya akajifungua binti. Siku ya saba, shehe akauliza jina. Akasimama nani? Shomari, kanzu imepigwa pasi. "Jina hutoka upande wa baba. Si mmethibitisha wenyewe kuwa ni damu yetu?"

"Damu uliyoifuta," Bi Mwanjaa akasema. "Toka nje."

Akatoka, na hakuna mzee aliyemtetea.

Hidaya akasema mtoto atachukua jina la mmoja wa wale watatu, awe somo wake. Mngedhani wangefurahi. Wakaanza kugombana!

"Mimi nimempoteza mwana wa pili kwa ajili ya mtoto huyu," akasema Bi Mwanjaa.

"Pole, mama, lakini ungevunja sanduku utoe nini, kama nakala haipo?" akauliza Sikitu. "Na nilitukanwa nilipoiweka."

"Na nyinyi nyote mngezifuta meseji wenyewe kwa kiherehere chenu," akasema Zamda. "Kibanda changu mpaka leo kinadaiwa vioo vya wateja."

Hidaya anawatazama, machozi yanamlenga, maana hakuna aongopaye. Shehe ameshika wembe wa kumnyoa mtoto, mtoto analia, na jina ni moja tu. Wewe uliyekaa hapo kimya, ungemwambia shehe amwite nani?