Mabakuli Yaliyorudi Yanang'aa

Mchungaji, umekosa watu wenye vyeti mpaka unisimamishe mimi? Darasa la pili nililiacha njiani, mgongo haupendi kusimama, na wali uko jikoni unapoa. Haya. Mmetaka nitoe mfano kwa hawa tunaowapokea leo, waliorudi kutoka ng'ambo na fulana zao za bluu. Nitautoa. Usipompendeza mtu, amlaumu aliyenipa kipaza sauti.

Palikuwa na kiongozi wa timu ya injili. Alivuka mpaka na wenzake, wakaenda nchi ya mbali, kijiji cha milimani, wakakaa huko mpaka lugha ya watu ikawazoea kinywani. Wakasimamisha kanisa la miti na udongo, na watu wakaokoka. Kiongozi mwenyewe alikuwa mtu wa usafi na utaratibu, hata soksi zake zilikunjwa kama kanga za dukani.

Lakini kuna jambo lilimshangaza. Wanawake wa pale walileta chakula, leo bakuli la viazi, kesho la kisamvu. Wakishalitua, hawaondoki. Wanasimama mlangoni, macho jikoni, kama mtu aliyesahau kitu chake. Wewe hapo mbele, ungedhani wanataka nini?

Dada mpishi wa timu akasema, "Kiongozi, acha niwaulize. Mtu hasimami hivi bure."

"Usiulize, dada. Tumekuja kufundisha. Tukianza kuuliza-uliza wataona hatujui kitu."

"Kwani tunajua?"

"Wanataka maombi," akasema kiongozi, akafurahi kwamba amelitambua mwenyewe.

Basi kila aliyesimama mlangoni aliombewa. Fumba macho, mama! Na yule bwana akiishika sala haiachii mpaka mchuzi unaganda. Wanawake wakaitikia amina, wakatupa jicho jikoni mara ya mwisho, wakaenda zao. Mabakuli yakabaki, yakapangwa kabatini, moja juu ya jingine.

Siku ya kurudi nyumbani ikafika. Kiongozi aliamka mapema, akayasugua mabakuli yote kwa majivu mpaka yakang'aa, kisha yeye na dada mpishi wakayapeleka, kila moja mlangoni kwa mwenyewe. Akarudi kifua mbele. "Hatuondoki hata na kijiko cha mtu," akawaambia wenzake.

Ulipofika wakati wa ibada ya kuagana, akagonga kengele, ile rimu ya gari iliyoning'inizwa nje. Kimya. Akagonga tena. Wakaja mbuzi. Kanisa zima, kazi yao yote ya jasho, limekauka asubuhi moja kama umande. Kuna nini? Nani kawaroga?

Akakimbia kwa mjane jirani, aliyekuwa wa kwanza kuwaletea chakula walipofika. Akamkuta anafagia. Bakuli lake liko palepale kizingitini, kalifunika kifudifudi.

"Mama, mbona hamji tuagane?"

"Si mmeshatuaga?"

"Nani kawaaga?"

"Hilo bakuli."

"Lakini nimelirudisha safi, mama! Nimelisugua mwenyewe!"

"Nimeliona. Umelisugua mpaka harufu yangu imetoka. Baba, hapa kwetu bakuli halirudi tupu. Ukimrudishia mtu bakuli tupu, umemwambia undugu umekwisha, msijuane tena. Na wewe umetugawia matupu kijiji kizima, kabla ya jua kutoka."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nilikuwa nasimama mlangoni kwako. Ukanifumbisha macho."

"Sasa tungetia nini, mama? Sisi wageni, hatukuwa na kitu."

"Chumvi! Kipande cha mhogo! Mchicha wa nyuma ya nyumba hiyo hiyo tuliyowapa! Mlituhubiria kutoa, tukatoa. Nikasema, hawa nao watatuonjesha lini? Kumbe mlitaka tuwe watu wa kupewa na ninyi tu, na tukiwapa sisi, kinaingia shimoni. Mtu anayekula kwangu siku zote na harudishi hata chumvi, huyo si ndugu yangu. Huyo ni mkoloni mwenye Biblia."

Lori la kwenda mpakani likaanza kupiga honi.

Jamani, tusiwacheke watu wa mfano. Sisi hapa tunapenda sana kutoa, kwa sababu anayetoa anakaa juu. Kupokea kwa mtu, ukakaa naye sawasawa, hapo ndipo roho inakwama. Tunamwombea jirani, lakini hatumuulizi kitu. Tunafumba macho mbele ya mtu aliyekuja ili tumtazame! Nanyi wenye fulana za bluu, mtatueleza mliwafundisha nini watu wa huko. Vizuri. Mimi nitawauliza wao waliwafundisha nini, na nitangoja jibu. Nani hapa ana bakuli la mtu kabatini? Msitazamane. Mnajijua.

Mnataka kujua yule kiongozi alilipa nini? Timu ilipanda lori, yeye akabaki. Nyumbani alikuwa ameshonewa suti ya mapokezi, na kwaya imemtungia wimbo. Wimbo ukaimbwa, suti ikatundikwa. Yeye, ambaye hajawahi kuchemsha hata maji, akapiga magoti mbele ya mafiga ya watu, moshi machoni, akapika. Akayaomba tena mabakuli yaleyale, akayajaza, akayazungusha nyumba kwa nyumba, akisimama kila mlango mpaka akaribishwe. Mlango wa mwisho ukawa wa mjane. Mjane akatoka, akalitazama bakuli, likitoka mvuke, akamtazama na yeye.

"Fumba macho, baba," akamwambia, "nikuombee kwanza."

Akaombewa sala ndefu, bakuli likimchoma vidole vyote, na hakuthubutu kulitua.