Kitufe cha Kicheko

Watu wa mji ule walipotaka habari walitazama vichekesho vya Siwatu kwenye televisheni, maana taarifa ya habari yenyewe ilikuwa ni Waziri Masengwa tu, akikata utepe kwenye choo kipya cha soko. Waziri akamwita Siwatu, uso umemvimba kwa hasira.

"Wewe binti! Jana umesema hospitali ina popo wengi kuliko dawa. Kuanzia leo, uwongo ukisemwa hewani, ipigwe ile sauti yenu ya kicheko cha kurekodiwa, watu wajue ni mzaha. La sivyo nakufungia!"

Siwatu akainamisha kichwa. "Sawa, mheshimiwa. Ni kwenye kipindi changu tu?"

"Kituo kizima! Usije ukajificha kwenye kipindi kingine."

"Na kitufe abonyeze nani?"

"Wewe mwenyewe, mpaka uchoke!"

"Basi waambie mafundi mitambo, wasije wakanizuia."

Waziri akawapigia simu papo hapo, akawafokea.

Jioni alikaa mbele ya kamera za taarifa ya habari, tai imenyooka. "Ndugu wananchi, hospitali zetu zimejaa dawa."

Kicheko kikalipuka studio nzima.

"Zimeni hiyo! Mimi sijawahi kuwadanganya!"

Kule chumba cha mitambo, Siwatu akabonyeza tena, na safari hii hakuondoa kidole.