Mashahidi Mia Mbili wa Chui

Paukwa!
— Pakawa!
Simu mmezima?
— Tumezima!
Waongo wakubwa nyie! Haya, zifunikeni basi, nisimulie.

Palikuwa na Digidigi, kadogo, miguu kama vijiti. Kaposwa, na mahari ingeletwa Ijumaa. Na palikuwa na Chui, nguvu tele, tamaa tele. Kila siku alimwambia, "Hama, kichaka chako kiko karibu na kisima, nakitaka."

Jumatatu, ti! Kwenye grupu la msitu mzima, mtu anayejiita Mpenda Haki kaandika: "Digidigi amezini na Nguchiro."

Ti! wamependa. Ti! wamesambaza. Ti! wamecheka. Digidigi hali, halali. Kila ti! moyo puh!

Akamwendea Chui. "Kaka Chui, ni wewe. Futa, nakuomba. Wakwe wakiona, nimekwisha."

"Mie? Akaunti si yangu! Hama tu, dada. Aibu hii utaificha wapi?"

Alhamisi, Digidigi naye akaandika: "Hongera, Mpenda Haki! Kwa ukweli wako kuna paja zima la ng'ombe kwa Kadhi Korongo. Njoo na simu yako."

Mate yakamchuruzika Chui. Mbio, vumbi tifu! mpaka kwa kadhi.

"Mpenda Haki ni mimi! Wallahi! Akaunti hii hapa!"

"Una hakika?" akauliza Kadhi Korongo.

"Kabisa! Paja liko wapi?"

"Kwanza mashahidi. Umesema amezini. Lete wanne walioona kwa macho yao."

Chui akacheka. "Wanne tu? Ninao mia mbili! Tazama, wote wamependa!"

"Wamependa. Waliona?"

Chui akawaita kwenye grupu waje kushuhudia. Ti! "Mie simo." Ti! "Nilibonyeza kwa bahati mbaya." Ti! "Simu alikuwa nayo mtoto."

Chui akala bakora themanini kwa kusingizia zinaa, na ushahidi wake haukubaliwi tena. Kutoka nje anachechemea, askari wa serikali huyo, pingu mkononi. "Pole, bwana. Kwetu nako una kesi, ya mtandao."

Ijumaa mahari ikaletwa. Lakini mpaka leo, simu ikilia hata kwa jirani, Digidigi anaruka.

Hadithi yangu ikiwa tamu, tugawane. Ikiwa chungu, niachieni mwenyewe, msiisambaze. Funzo: kuandika uongo mtandaoni ni dhambi. Lile paja aliloahidi Digidigi? Aa, hilo tuliache.

Haya, washeni simu.

Ti!

Nani huyo? Kaandika nini? Jamani... anayesemwa ni mimi?