Profesa Fisi na Mzizi wa Kukata Kiu

Zamani, wanyama walipokuwa bado wanaitana daktari na profesa, kiangazi kiliingia nyikani kikakataa kutoka. Mito ilikauka, mabwawa yakabaki tope, na maji pekee yaliyosalia yalikuwa ya kisima kilichokuwa ndani ya ua wa Chuo cha Wanyama Wote. Makamu Mkuu wa chuo hicho alikuwa Simba, mwenye majoho saba, moja kwa kila siku ya juma. Yeye ndiye aliyepanga zamu za kunywa. Tembo walikunywa alfajiri, nyati asubuhi, na wengine wakafuata kwa ukubwa wa miili yao mpaka swala, waliopewa saa kumi jioni.

Siku moja Profesa Fisi akatoa kitabu cha utafiti, kurasa tisini na jalada gumu. Aliandika kwamba mwezi mzima uliopita alikuwa Bonde la Chumvi na swala thelathini, akiwatafunisha mzizi wa mgunga. Swala hao hawakunywa hata tone, na mwezi ulipokwisha wote walikuwa wazima, tena wamenenepa. Jina la kwanza kwenye jalada lilikuwa la Simba, ambaye hakuwa amekifungua kitabu. Huo ndio uliokuwa utaratibu wa chuo: mwenye manyoya mengi shingoni hutangulia.

Simba alivimba kichwa. Akatangaza kwamba mwezi ukiandama swala hawatakuwa na haja ya kisima, na saa yao watapewa simba. Yote hayo kwa faida ya sayansi, bila shaka.

Bi Swala, aliyekuwa na watoto wawili wanaonyonya, akamwendea Sungura, aliyekuwa akifundisha hesabu pale chuoni.

"Mwalimu," alisema, "huo mzizi nimeutafuna siku tatu. Tumbo limenifunga na kiu iko palepale. Maziwa yameanza kukatika. Mwezi ukiandama, hawa nitawapeleka wapi?"

Sungura alikisoma kitabu papo hapo. Ukurasa wa kumi na mbili alianza kucheka, kisha akaacha, kwa sababu wale watoto walikuwa wanamtazama.

"Bi Swala, hao thelathini ni wa ukoo gani?"

"Hata mmoja hakutoka kwetu, na swala wa huku sote tunajuana."

"Na Fisi kakaa nao mwezi mzima. Walioingia thelathini, waliotoka thelathini."

"Ndivyo kinavyosema kitabu."

"Fisi huyu huyu?"

Bi Swala akawavuta watoto wake karibu. Shangazi yake aliwahi kukaa na Fisi dakika tano tu, na mpaka leo familia haina hata kwato ya kuzika.

Sungura akapita jikoni kwa Mama Ngiri, mpishi wa bwalo la walimu, akamuuliza kama mwezi uliopita alimwona Fisi.

"Nilimwona? Nilichoka naye!" Mama Ngiri alibamiza mwiko mezani. "Hakukosa hata mlo mmoja. Anakula mifupa na zamu ya kwanza, anatoka, anarudi na zamu ya pili kajitanda kanga, ati yeye ni dada yake Fisi. Mkia unaonekana nyuma!"

Basi Sungura akaandika malalamiko yake vizuri akayapeleka Kamati ya Maadili. Mwenyekiti wake alikuwa Kobe, aliyechaguliwa kwa sababu hakuwahi kumkimbilia mtu wala jambo lolote.

"Umefanya vyema kuja," alisema Kobe. "Chuo hiki hakivumilii udanganyifu. Tutaunda kamati ndogo itakayoamua kama inafaa kuunda kamati."

"Mwenyekiti, zimebaki siku kumi na moja mwezi uandame."

"Haki haikimbizwi, mwanangu. Na jambo hili ni siri kubwa. Usimwambie yeyote."

Kesho yake Fisi alimkuta Sungura mlangoni, akamwekea mkono begani. "Mdogo wangu, ile aya yako ya tatu imenichoma. Ungeniita tu tukanywa chai."

Sungura akarudi kwa Kobe mbio. "Siri imefikaje kwa Fisi?"

"Fisi ni katibu wa kamati. Ungetaka katibu asisome barua?"

"Anawezaje kukaa katika kesi yake mwenyewe?"

"Nani anaifahamu kesi kuliko yeye?" aliuliza Kobe, na kwa kweli alikuwa anauliza.

Siku ya tisa uamuzi ukatoka. Kamati iliomba majina ya wale swala thelathini, Fisi akasema maadili ya utafiti hayamruhusu kuwataja, na kamati ikampongeza kwa maadili yake. Ushahidi wa Mama Ngiri ulikataliwa, kwa kuwa mpishi hana shahada, na alichokiona kwa macho yake hakijapitiwa na wataalamu. Mwisho kabisa, Sungura alipewa onyo kwa kutumia neno "uongo", ambalo si la kitaaluma. Neno sahihi lilikuwa "tofauti ndogo za kimazingira".

"Kwa hiyo hakuna kitakachomtia Fisi hatiani?" aliuliza Sungura.

Kobe alifikiri kwa muda mrefu. "Akikiri mwenyewe mbele ya chuo kizima, kamati haina haja ya kukaa tena."

Sungura alitoka pale amejaa hasira. Alikuwa amefundisha hesabu miaka mingi akiamini kwamba moja na moja zikionyeshwa wazi kila mtu ataziona. Bi Swala alikuwa anamngoja nje na wanawe, na mdogo alikuwa ameshaacha kusimama kwa kukosa maziwa. Sungura aliona aibu kumtazama usoni. Alimwambia tu, "Kesho kutwa uje na watoto kisimani. Kaa karibu na maji."

Halafu akaenda kwa Simba, akainama mpaka pua ikagusa vumbi.

"Mheshimiwa, sherehe ya kuzindua kitabu chako kikuu ni kesho kutwa. Nasikia wageni wanatoka vyuo vya ng'ambo ya mto."

"Wote wanakuja," alisema Simba. "Hawajawahi kuona kitabu kama changu. Kinahusu nini vile?"

"Mizizi, Mheshimiwa. Nilikuwa nawaza tu, ingependeza wageni waone unavyowajali walimu wako. Kuna paja la yule nyati aliyekufa kwa kiangazi. Ukilitoa zawadi kwa mwalimu mwaminifu kuliko wote, ambaye tangu kiangazi kianze hajawahi kukosa mlo bwaloni, watakusifu mpaka kwao."

Simba alipenda kusifiwa mpaka kwao. Akakubali hapo hapo.

Siku ya sherehe wageni walijaa uani kukizunguka kisima. Simba alivaa majoho mawili. Fisi alihutubia saa nzima juu ya upweke wa Bonde la Chumvi, jinsi alivyolala juu ya mawe, jinsi alivyowakumbuka wenzake wakila bwaloni yeye akitafuna mizizi na swala wake. Tembo mmoja mgeni alifuta machozi. Kisha paja la nyati likaletwa juu ya sinia, limechomwa, linachuruzika mafuta, na Sungura akapanda jukwaani kutangaza zawadi.

"Paja hili," alisema, "Makamu Mkuu analitoa kwa mwalimu ambaye tangu kiangazi kianze hakukosa hata mlo mmoja bwaloni. Najua hayupo. Nani angeweza? Basi Mheshimiwa, tuwape tu wageni."

Akaligeuza lile sinia kuwaelekea wageni. Harufu ikampitia Fisi puani. Udenda ukamdondoka juu ya kitabu.

"Ngoja!" Fisi alipiga kelele. "Nipo! Ni mimi!"

"Wewe Profesa? Usijisumbue, wewe ulisafiri."

"Nisafiri niache mifupa? Muulizeni Mama Ngiri! Sikukosa hata siku moja! Siku nyingine nilikula mara mbili!"

"Mara mbili kila siku," alisema Mama Ngiri kutoka nyuma, na safari hii hakuna aliyemuuliza shahada.

Fisi alikuwa ameshalikumbatia paja, na meno yake yalikuwa yameingia nyamani kabla akili haijafika. Kisha akafyata mkia.

"Samahani, mimi ni mgeni tu," alisema yule tembo. "Kule bondeni alikuwa nani?"

Mgeni mmoja akacheka, wakacheka wote. Simba alikuwa ameuvumilia uongo bila taabu yoyote, ila kuchekwa hakukuwahi kumpata. Akanguruma kwamba jina lake liliwekwa kwenye jalada bila idhini yake. Kobe akasimama, baada ya muda, akatangaza kwamba udanganyifu huu umegunduliwa na Kamati ya Maadili kwa uchunguzi wake wa kina.

"Na swala, Mheshimiwa?" aliuliza Sungura kwa sauti ya kusikika mpaka kwa wageni. "Saa kumi imefika."

"Tusubiri kwanza kumbukumbu za kikao zithibitishwe..." alianza Kobe.

"Wanywe!" alinguruma Simba, akiwatazama wageni kwa pembeni. "Wanywe sasa hivi! Na huyu nampeleka Bonde la Chumvi mwezi mzima akafanye utafiti aliouandika. Apewe mizizi ya mgunga ya kutosha. Maji asipewe."

Wakamvua Fisi joho, wakamtwisha mzigo wa mizizi. Njia ya bondeni ilipita kando ya kisima. Bi Swala alikuwa hapo, na yule mtoto mdogo alikuwa amezamisha uso majini mpaka machoni, hataki kuinuka. Fisi alisimama akameza mate.

"Dada yangu," alisema kwa unyenyekevu ambao hakuna aliyewahi kuusikia kwake, "nipe japo funda moja. Safari ni ndefu."

Bi Swala alimtazama, kisha akautazama mzigo wake.

"Maji ya nini, Profesa?" alisema. "Tafuna."