Tasnifu ya Sikudhani na Mashine ya Ufanano

Jumatatu ya wiki ya pili ya Juni, saa tatu asubuhi, chuo kikuu kimoja cha nyanda za juu kilizuia tasnifu ya uzamivu ya Sikudhani Ngonyani. Sababu iliyoandikwa ilikuwa moja: ufanano, asilimia tisini na moja.

Habari hii nimepewa na mtu aliyekuwa karibu nayo. Naipitisha kwako kama ilivyo. Ukiona inamfaa mwenzako, mpe.

Kwa asiyeijua shughuli hii: kabla mwanafunzi hajatetea tasnifu yake, maktaba huiingiza kwenye mashine inayoilinganisha na vitabu, makala za majarida na kazi za wanafunzi wengine. Mashine hutoa taarifa ndefu. Ukurasa wa kwanza una asilimia. Kurasa zinazofuata huonyesha kila sentensi iliyofanana, na imefanana na nini.

Chuoni hapo maktaba ilichapa ukurasa wa kwanza tu. Wino wa printa ulikuwa haba, na Kurugenzi ya Masomo ya Uzamili haikuwahi kuomba zaidi. Mkutubi alipiga muhuri, karatasi ikapelekwa ghorofani.

Mkutubi huyo aliitwa Ambakisye Mwalwisi. Aliingia kazini enzi za makabati ya kadi za vitabu. Makabati yalipoondolewa, baadhi ya wenzake waliomba uhamisho. Yeye alibaki, akajifunza. Alijifunza kuweka tasnifu mtandaoni zisomwe na watu wa nchi nyingine. Alijifunza kuyatambua majarida ya kitapeli, yale yanayochapisha chochote kwa anayelipa. Mwisho akajifunza mashine ya ufanano, na hapo walimu waliokuwa wakimwita Bwana Vumbi wakaanza kupanga foleni mezani kwake.

Sikudhani alifika kwenye meza hiyo kabla ya saa nne, karatasi mkononi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Pole, mama. Nimesikia."

"Hujasikia, umepiga muhuri. Huu hapa."

Ambakisye alikubali kwa kichwa. Muhuri ulikuwa wake.

"Alhamisi natetea," Sikudhani alisema. "Mtahini wa nje yuko njiani. Kuna jarida limekubali makala yangu, nimeitoa katika sura ya tatu. Wakipata barua ya wizi, wanaifuta. Na chuo kinanifuta. Miaka mitano nazunguka mashamba ya viazi, leo naambiwa nimeiba."

"Kanuni ni asilimia ishirini, mama. Ikizidi hapo..."

"Sijaja kubishana na kanuni. Nina swali moja. Nimemwibia nani?"

Ambakisye aliitazama karatasi. Tangu mashine ifike, wengi walikuwa wamesimama pale. Kuna waliolia na kuna waliotukana, na mmoja aliapa kwa jina la mama yake. Swali hilo hakuna aliyewahi kuliuliza, yeye mwenyewe akiwamo.

Zamani za kadi, vitabu viwili vikiwa na anwani moja, alivishusha vyote rafuni na kuviweka mezani, bega kwa bega. Alikuwa akifanya hivyo hata bila kuombwa, kwa sababu alitaka kujua. Alijikuta akijiuliza ni lini aliacha.

"Kaa," alisema. "Tuangalie."

Alifungua taarifa nzima. Bi. Tusekile, mkutubi wa meza ya pili, alisogeza kiti chake.

Karibu maneno yote yaliyofanana yalikuwa yametoka mahali pamoja. Mashine ilipaeleza hivi: kazi ya mwanafunzi, iliyowasilishwa katika chuo hiki, miaka miwili iliyopita. Jina la mwandishi halikuonyeshwa.

"Chuo hiki hiki?" Bi. Tusekile aliuliza. "Aa, Sikudhani! Ungeiba basi hata ya ng'ambo, tukupe heshima."

"Dada Tuse, leo usinitanie."

"Nisamehe, mdogo wangu."

Mambo yalikuwa yameharibika zaidi. Miaka miwili kabla ya Sikudhani kukabidhi tasnifu yake, mtu mwingine wa chuo hicho alikwisha kabidhi maneno yale yale. Ambakisye alimpigia simu Profesa Kasyupa, Mkurugenzi wa Masomo ya Uzamili, akamweleza walichokikuta.

"Kwa hiyo amemwibia mwenzake wa hapa hapa," Profesa alisema. "Ahsante. Umenisaidia kuandika barua."

"Prof, hatujamjua bado huyo mwenzake."

"Anabadilisha nini huyo?"

"Sijui. Ndiyo maana nataka kumjua."

"Una mpaka kesho, Mwalwisi."

Mashine haikumruhusu mtu kusoma hivi hivi kazi iliyohifadhiwa na mwingine. Ilibidi kubonyeza mahali palipoandikwa "omba ruhusa," kisha ombi lingekwenda kwa mwenye akaunti iliyohifadhi kazi hiyo. Mwenye akaunti angeweza kuwa mwalimu yeyote wa chuo, hata aliyekwisha staafu. Angeweza asijibu mwezi mzima.

Ambakisye alibonyeza. Mashine ikajibu kwamba ombi limetumwa.

Kompyuta yake ikalia. Barua pepe mpya ilikuwa imeingia.

Aliifungua. Akaisoma, akairudia.

"Nani?" Sikudhani aliuliza. "Amekubali?"

"Bado hajakubali."

"Ni nani lakini?"

"Ni mimi," Ambakisye alisema. "Linaniomba ruhusa mimi."

Bi. Tusekile aliinama kwenye skrini ahakikishe. Ombi lilikuwa limetoka kwa Ambakisye Mwalwisi, limefika kwa Ambakisye Mwalwisi.

Alibonyeza "kubali." Kazi ikafunguka. Haikuwa na jina la mwandishi. Juu paliandikwa "Jaribio jingine."

Sikudhani alianza kusoma. Kwenye ukurasa wa tatu alisimamisha kidole.

"Huyu bibi," alisema. "Mwenye ghala la mbegu. Nilimtaja hapa kwa jina. Baadaye akanikataza, akasema watoto wake watamdai shamba. Nikamtoa. Hakuna mtu anayejua kama aliwahi kuwemo." Aligeuka. "Hii ni rasimu yangu."

Ambakisye alikumbuka. Mwaka ule mashine ilikuwa ngeni, na yeye alikuwa anajifunza. Alihitaji maandishi ya kuijaribia, akachukua chochote kilichokuwa karibu. Alichukua hotuba aliyoisoma kwenye harusi ya mpwa wake. Alichukua pia rasimu ambazo wanafunzi walimwachia awakagulie orodha za marejeo, kazi aliyoifanya tangu enzi za kadi. Mashine ina kisanduku kidogo cha kuiambia isihifadhi inachopewa. Wakati ule hakujua kama kipo. Kila alichoijaribia, ilikimeza na kukitunza.

"Kwa hiyo nimejiibia mwenyewe," Sikudhani alisema. Alianza kucheka, akaacha. "Mzee, huu ukurasa ulipotoka kwenye printa, uliusoma?"

"Niliugonga muhuri."

Kisha Bi. Tusekile akashusha sauti.

"Kaka, hili dogo. Akaunti ni yako. Futa hilo jaribio, ingiza tasnifu upya, itatoka asilimia ndogo. Chapa, gonga, peleka juu. Mwambie Prof mashine ilikuwa na hitilafu. Alhamisi mtoto anatetea."

"Na nikisema kweli?"

"Ukisema kweli wataunda kamati. Unazijua kamati za hapa. Alhamisi itapita wanajadili posho ya vikao."

Sikudhani alimtazama Ambakisye. "Mimi naitaka Alhamisi yangu," alisema. "Sina haja ya kukuaibisha."

Ambakisye alipeleka mshale kwenye neno "futa." Kabla ya kubonyeza, alirudi kwenye orodha ya majaribio yote. Alitaka kuona alikuwa ameihifadhia mashine nini kingine. Alifungua moja baada ya jingine. Hotuba ya harusi ilikuwapo, ikimsifu bibi harusi. Rasimu za watu waliohitimu salama zilikuwapo pia, maana walikuwa wamezibadilisha mno baadaye.

Jaribio la mwisho lilihusu minyororo ya biashara ya mbao. Aliisoma aya ya kwanza, akaondoa mkono kwenye kipanya.

"Obeid Sanga," alisema.

Bi. Tusekile alishika mdomo. Obeid alikuwa amezuiwa mwaka uliotangulia. Ukurasa wa kwanza, asilimia themanini na kitu, muhuri. Hakubishana. Alifunga virago, akarudi kwao Makete kufundisha sekondari.

"Tulikuwa chumba kimoja cha kusomea," Sikudhani alisema taratibu. "Alipoondoka hakuaga. Tukasema mwizi haagi. Tulicheka kabisa."

"Nikifuta hapa na kusema ni hitilafu, la Obeid halitajulikana," Ambakisye alisema. "Nikipeleka juu, utapoteza Alhamisi. Sema wewe."

"Unaniuliza mimi?"

"Tasnifu ni yako."

Sikudhani aliichukua karatasi yenye muhuri, akaikunja. Alikaa nayo.

"Usifute," alisema mwishoni. "Chapa taarifa zote mbili. Kurasa zote. Twende."

Wino uliisha katikati. Bi. Tusekile alikwenda kuazima katriji ofisi ya uhasibu, akirudi ananung'unika kwamba kurasa hizo zingetosha mitihani ya muhula.

Profesa Kasyupa aliwasikiliza bila kuwakatiza. Alizipitia taarifa, akarudi mwanzo, akazipitia tena.

"Mwalwisi, unajua unaniletea nini?"

"Kosa langu, Prof."

"Lingekuwa lako peke yako ningelala. Saini ya chini ya barua ya Obeid ni ya nani?"

"Yako."

"Yangu. Ukiniwekea jambo hili kwa maandishi, kila aliyezuiwa atarudi hapa kutaka taarifa yake nzima."

"Warudi."

"Na ukikuta wengine waliiba kweli?"

"Tutajua waliiba nini, na kwa nani. Leo hatujui hata hilo."

Profesa alivua miwani. Kwa Sikudhani alisema, "Siwezi kukupa Alhamisi. Mtahini nitamrudisha. Lazima kamati ikae."

"Najua," Sikudhani alisema.

"Na bado umekuja?"

"Nimekuja, Prof."

Kamati iliundwa. Ilikaa hadi Julai, na posho ilijadiliwa kweli. Jarida liliandikiwa, likakubali kungoja. Ambakisye alipewa onyo la maandishi, likawekwa kwenye jalada lake. Aliendelea na meza yake, lakini taratibu ilibadilika: tangu siku hiyo muhuri haugongwi mpaka mkutubi, mwanafunzi na msimamizi wawe wameipitia pamoja taarifa nzima. Walimu wawili walilalamika kwamba inachelewesha. Mmoja wao alirudi baadaye akiwa na taarifa ya makala yake mwenyewe, akauliza kama anaweza kukaa.

Sikudhani alitetea tasnifu yake Ijumaa ya mwisho ya Julai. Alipita, akapewa marekebisho madogo. Mtahini wa nje aliuliza kama kulikuwa na mkulima yeyote aliyetolewa kwenye utafiti. Sikudhani alijibu kwamba yupo mmoja, kwa ombi lake, na hawezi kumtaja.

Obeid Sanga alipigiwa simu mara kadhaa. Akiona namba ya chuo, alikata.

Jumamosi iliyofuata Ambakisye na Sikudhani walikwenda Makete. Walimkuta nyuma ya nyumba ya walimu, anapasua kuni. Aliwatambua. Hakuweka shoka chini.

"Mmekuja kuongeza nini?" aliuliza.

"Kaka Obeid, tulikucheka," Sikudhani alisema. "Hukuwa mwizi."

Ambakisye alimkabidhi taarifa nzima, na juu yake barua ya chuo iliyofuta ile ya kwanza. Obeid alikaa kwenye gogo, akasoma. Alisoma ukurasa kwa ukurasa, wageni wakiwa wamesimama.

Alipomaliza aliuliza kama msimamizi wake bado yupo chuoni.

Ambakisye alisema yupo.

Funzo: Chombo kinaweza kukuonyesha kwamba vitu viwili vimefanana, lakini kwa nini vimefanana utasoma mwenyewe, na ukikuta sababu ni wewe, iseme kabla hujaifuta, kwa maana huenda imemfunga hata mtu usiyemkumbuka.