Kwa Nini Sufuria ya Matufaa Hairudi Imeoshwa

Sogezeni vigoda, ila mfuniko msiuguse. Makaa yaliyo juu yake yana kazi sawa na yale ya chini, na kila mkiuchungulia mnanirudisha nyuma. Matufaa ya chenga hayaivi kwa kutazamwa. Tegeni masikio badala yake, maana nilichonacho cha kusimulia kinaisha muda uleule sufuria inapoiva, nimeshakipima mara nyingi.

Zamani, hapa Ndapilo hapakuwa na chakula hiki. Mti wa matufaa ulikuwapo, ule wa mgongoni mwa kilima, lakini matunda yake yalikuwa madogo na machachu kiasi cha kumfanya mtu afumbe jicho moja. Watu waliyaokota wakawapa nguruwe, na nguruwe wenyewe walikula kwa kukosa la kufanya. Ukungu ulikuwa huuhuu, baridi hiihii. Tofauti ilikuwa kwenye kushukuru.

Siku hizo shukrani ilikuwa na umbo moja tu: mkate mzima. Ukisaidiwa jambo kubwa, ulioka mkate wa ngano wa mviringo, uso wake laini bila ufa, ukaufunika kwa kitambaa cheupe na kumpelekea aliyekusaidia mbele ya shahidi. Yeye aliufunua, akaugeuza huku na huku kutafuta ufa, na asipouona alisema neno moja: "Yameisha." Na kweli yaliisha. Kuanzia hapo hakuna aliyemdai mwenzake hata salamu ndefu. Mlikutana njiani mkaitikiana, kila mtu akashika lake.

Msidhani walikuwa watu wabaya. Walikuwa wasafi wa mambo, waliochukia kubaki na jambo la mtu. Lakini tazameni kilichotokea: waliosaidia wengi ndio waliopokea mikate mingi, na waliopokea mikate mingi ndio waliokaa peke yao. Kila mkate ulifunga mlango mmoja.

Aliyefungiwa milango mingi kuliko wote alikuwa mjane mmoja aliyeitwa Tusajigwe. Nyumba yake ilikuwa bondeni kidogo, karibu na migomba. Mikono yake ilijua kuzalisha, kukanda mgongo, kuchemsha majani ya kikohozi. Alikuwa amepokea mikate kumi na mmoja maishani mwake, yote mizuri, na jioni alikuwa akila viazi vyake akiongea na paka.

Juu ya nyumba yake aliishi Subilaga, mwanamke kijana ambaye mumewe, Ambakisye, alichuma chai katika shamba la mbali na kurudi nyumbani mara moja kwa mwezi. Mama yake alikuwa amefariki Subilaga angali msichana. Mvua za masika zilipoanza alijifungua mtoto wa kike, akamwita Atuganile, na juma lilelile homa ikamwangusha. Miguu ikakataa kumbeba. Maziwa yakakauka. Alilala akimsikia mtoto akilia na hakuweza hata kugeuka.

Tusajigwe ndiye aliyesikia kilio kile. Alipanda kilima na tope lake, akaingia bila kubisha, na kwa miezi mitatu hakukosa hata siku moja. Alimwogesha mtoto. Alimpikia mama uji wa ulezi akamnywesha kijiko kwa kijiko, huku akimgombeza kama amefanya makusudi kuugua. Alikuja na kuni kichwani na maziwa ya ng'ombe kwenye kibuyu. Homa ilipopungua alikaa kitandani akamsuka nywele Subilaga polepole, na Subilaga akafumba macho, maana tangu afiwe na mama yake hakuna aliyewahi kumshika kichwa namna ile.

Akapona. Miguu ikarudi, maziwa yakarudi, na pamoja nayo likaja swali la kijiji.

"Mkate lini, Mama Atu?" aliuliza Mama Lusajo, jirani aliyependwa sana kuitwa shahidi kwa sababu jicho lake lilikuwa kali kwa nyufa.

"Ngano haijasagwa," alisema Subilaga.

Juma lililofuata hamira ilikuwa imeisha nguvu. Lililofuata kuni zilikuwa mbichi. Subilaga hakuwa mwongo kwa tabia, na visingizio vilimwishia upesi. Ukweli aliuficha moyoni: alimpenda bibi yule, na alijua akimpelekea mkate mzima bibi atausifu, atasema yameisha, atafunga kanga yake na hatapanda tena kilima. Na asipoupeleka, kijiji kizima kitasema Tusajigwe alimhudumia mtu asiye na shukrani. Alitaka kumshukuru kuliko alivyotaka kitu chochote. Alichokosa ni namna ya kumshukuru bila kumpoteza.

Asubuhi ya Jumamosi moja Mama Lusajo alisimama mlangoni akiwa ameshavaa vizuri. "Mama Atu, mimi nimechoka kukutetea. Nimeshamwambia bibi atandike mkeka, mkate unakuja leo mchana. Usiniaibishe." Akaondoka zake.

Hapakuwa na pa kukimbilia. Subilaga akawasha moto, akapima unga kwenye beseni, akatia sukari, chumvi kidogo na samli, akaanza kufikicha kwa ncha za vidole. Kila mwoka mikate wa Ndapilo alianzia hapo. Unga na samli hufikichwa mpaka viwe chenga, halafu ndipo humiminwa maji ya vuguvugu yenye hamira, na maji ndiyo yanayozikusanya chenga kuwa kitu kimoja.

Alifikicha, akainua birika. Akaliweka chini. Akafikicha tena, akiwaza habari ya uji wa ulezi. Akainua birika, akaliona bonge litakalotokea, laini na zima, akamwona bibi akiligeuza na kusema neno lake. Akaliweka chini tena. Mara ya tatu alilitua kwa haraka hata maji yakamwagika jikoni na kuzima kijiti kimoja. Jua likapanda. Unga ulikuwa umefikichwa kuliko unga wowote uliowahi kuonekana kilimani, na bado ulikuwa chenga tupu.

Ndipo akagundua kwamba wakati umepita. Hata angemimina maji dakika ile, mkate usingeumuka kabla ya saa ya kwenda. Mtoto akaamka akaanza kulia. Makaa yalikuwa mekundu tayari, na kule bondeni mtu alikuwa amekaa kwenye mkeka akingoja.

Aibu ikampanda. Alitazama huku na huku kama mtu anayetafuta fimbo ya kuua nyoka, akaona karibu na mlango kikapu cha matufaa aliyookota kwa ajili ya nguruwe. Akafikiri hivi: chenga kavu zikiwekwa kwenye moto peke yake zitaungua, zikilalia kitu chenye maji huenda zikaiva. Akamfunga Atuganile mgongoni, akamenya matufaa, akayakata vipande, akayatia kwenye sufuria na sukari aliyobakiza na kipande cha mdalasini alichotwanga. Juu yake akamwaga chenga zote. Alitaka kuzisawazisha kwa kiganja ili chini ya kitambaa zifanane na mkate, lakini kiganja kilikataa kumdanganya yule bibi. Akaziacha zilivyo, na mabonde yake. Akafunika, akapanga makaa juu ya mfuniko, akakaa chini akalia kidogo pamoja na mwanawe.

Harufu ndiyo iliyomnyamazisha. Uchachu wa matufaa ulikuwa umekutana na sukari na samli humo ndani vikapatana, na nyumba nzima ikanukia kama sikukuu. Alipofunua aliona uso wa rangi ya asali iliyokolea, umevunjikavunjika, na maji mazito ya matunda yakitokota katikati ya nyufa. Chakula kile kisingeweza kutolewa na kuwekwa kwenye kitambaa, kingemwagika chote. Basi akatandaza kitambaa cheupe juu ya sufuria yenyewe, akaishika kwa matambara mawili akashuka nayo bondeni.

Tusajigwe alikuwa amekaa wima, mikono mapajani. Mama Lusajo alikuwa pembeni yake.

"Ugonile, juba," alisalimu Subilaga, na hakuwa amewahi kumwita hivyo, yaani mama, mbele ya watu.

Mama Lusajo akafunua kitambaa, akaruka. "Yesu wangu! Umepasuka wote! Mama Atu, hii ni shukrani au matusi?"

"Haukupasuka," alisema Subilaga, na sauti ilikuwa ndogo. "Haukuwahi kuwa mzima. Nilishindwa kutia maji, juba. Nilijua mkate ukiwa mzima utasema yameisha. Mimi sitaki yaishe."

Bibi aliivuta sufuria karibu. Alichukua kijiko, akachota, akapuliza, akatia mdomoni. Meno yake yalikuwa machache, na mkate wa mviringo siku zote ulimpa taabu. Hiki kililainika chenyewe. Akachota tena. Chenga zilisagika, matufaa yakamchoma ulimi kisha yakamwomba radhi. Mama Lusajo alimtazama akala vijiko vitano, sita, akashindwa kuvumilia, akanyoosha mkono naye akaonja, na kuanzia hapo hakusema tena habari ya nyufa.

Kilipobaki kidogo upande mmoja wa sufuria, Tusajigwe alilaza kijiko. Macho yake yalikuwa yamejaa.

"Nimepokea mikate kumi na mmoja," alisema. "Juma zima hili nimekuwa nikisali unga wako uharibike. Nisamehe, mwanangu. Nilijua ukija wa kumi na mbili sitamwona tena huyu mtoto." Akapangusa uso kwa upindo wa kanga. "Sasa niseme yameisha vipi, na hapa kimebaki? Isitoshe sufuria ni yako. Lazima niirudishe."

Kesho yake asubuhi alipanda kilima na sufuria kichwani. Hakuwa ameiosha. Kile kilichobaki upande mmoja alikilainisha kwa maziwa, akamlambisha Atuganile kwa ncha ya kidole, na mtoto akafumba jicho moja kwa uchachu kisha akafungua kinywa kutaka tena. Wakacheka mpaka wakashikana. Subilaga alisema, "Ndaga fijo, juba," ambayo ndiyo asante sana ya kwetu, na safari hii hakuna aliyejibu kwamba yameisha. Juma lililofuata Tusajigwe alipika viazi na maharage ndani ya sufuria yake mwenyewe akapanda nayo, na ikabidi Subilaga aishushe.

Mama Lusajo, kwa kuwa mdomo wake haukuwahi kupumzika, ndiye aliyeieneza habari. Watu walianza kwa kutamani chakula, mengine yakafuata yenyewe. Mwaka uleule waliowahi kupeleka mikate walianza kupeleka sufuria kulekule, wakisema walisahau kitu fulani siku ya mkate. Bibi Tusajigwe peke yake alipokea sufuria kumi na moja, na paka wake akakosa mtu wa kuongea naye.

Na tangu siku hiyo, Ndapilo hatumshukuru mtu kwa kitu kizima. Tunafikicha unga na kuuacha ukiwa chenga, hatuupi maji, wala hatusawazishi uso wake kwa kiganja. Tunapeleka sufuria yenyewe. Anayepokea hula, akabakiza kijiko kimoja upande mmoja, na huirudisha bila kuiosha, kwa miguu yake mwenyewe. Mgeni akiona hudhani sisi ni wachafu. Mwacheni adhani, akikaa muda wa kutosha naye ataletewa.

Haya, sasa imeiva. Ondoeni makaa taratibu, funueni, kuleni. Ila pale upande wa mpini msipaguse. Sufuria hii jirani aliileta asubuhi ikiwa mbichi, nami nimeiivisha tu; si yetu.