Fisi Aliyesubiri Ng'ombe

Jamani, hadithi iko mlangoni.
— Ifungulieni iingie.
Imekuja na vumbi miguuni.
— Ikae, tuisikilize.

Basi alikuwapo Fisi katika bustani ya wanyama ya mji mmoja. Aliokotwa shimoni akiwa hata macho hajafumbua, na watunzaji wawili, Bi Siwatu na mumewe Makame, wakamlea kwa maziwa ya mbuzi na chupa ya mtoto. Akakua, akanenepa, akapendwa. Sikukuu watu walijaa mbele ya banda lake, naye akawachekea, kwe-kwe-kwe, watoto wakacheka mpaka wakakaa chini. Bi Siwatu alimwita "baba", kama mama anavyomwita mwanawe.

Ila alikuwa mlafi. Nyuma ya banda, ndani ya mtaro, aliishi Nguchiro na wanawe, wakitegemea mabaki. Fisi hakubakisha. Alikula nyama, akatafuna mfupa, akalamba na sakafu. Nguchiro alipoomba japo kipande cha ngozi, aliambiwa asubiri kesho. Kesho ikawa hivyo hivyo, na wanawe wakalala na njaa.

Siku moja Nguchiro akaja, tiki tiki tiki, akasimama kwenye nondo za banda. Akamwambia Fisi kwamba wanadamu wana ajabu: aliye mzima humtupia nyama mbichi, lakini mgonjwa humpikia kuku.

"Kuku?" Fisi akauliza.

"Kuku wa mchuzi. Lakini usimle. Ukimwacha, watakuletea kikubwa zaidi. Kwanza kuku, halafu mbuzi, mwisho ng'ombe mzima."

Fisi akajilaza. Akaguna uuu, uuu. Nyama ilipoletwa akageuza uso. Bi Siwatu akampikia kuku. Fisi akalamba mchuzi, akaacha kuku. Bi Siwatu alipotoka, Nguchiro akaja, tiki tiki tiki, akala na wanawe. "Wameanza kuhangaika," akasema. "Subiri mbuzi."

Makame akachinja mbuzi. Fisi akalamba mchuzi, akaacha mbuzi. Nguchiro akaja, tiki tiki tiki, akala na wanawe mpaka matumbo yakawa ngoma. "Sasa wanalia," akasema. "Subiri ng'ombe."

Na kweli walilia. Bi Siwatu aliacha hata kurudi nyumbani. Alitandika mkeka mle bandani, akakipakata kichwa cha Fisi, akamwimbia zile bembelezi za alipokuwa mdogo.

Nguchiro akachungulia, akaona mbavu za Fisi zinahesabika. Hakutaka kumuua mtu. Alitaka wanawe washibe tu. Akangoja Bi Siwatu aende kuteka maji, akaingia.

"Ndugu yangu, basi. Hakuna ng'ombe, nilikudanganya. Inuka ule."

Fisi akafumbua macho polepole.

"Ng'ombe simtaki tena," akasema. "Tangu nilale hapa, mama hajaondoka. Nikila ataona nimepona, atarudi kwake."

Nguchiro akambembeleza. Akamsogezea nyama mdomoni. Akamwapia kwamba Bi Siwatu atampenda vilevile akiwa mzima. Uongo wake wote Fisi aliuamini. Siku aliyosema kweli, hakuamini hata neno moja.

Kesho yake Fisi akafa, kichwa kikiwa pajani pa Bi Siwatu.

Walipokwisha kumzika, Bi Siwatu akaja tena na sufuria. Miguu ilimleta yenyewe, kwa mazoea. Akasimama mbele ya banda tupu, hajui airudishe wapi. Nguchiro akatoka mtaroni mchana kweupe, tiki, tiki, akasimama miguuni pake.

"Bi Siwatu, kile chakula nilikuwa nakila mimi."

"Najua, mwanangu," akasema Bi Siwatu. "Niliona nyayo zako sakafuni. Nikasema afadhali, japo yupo anayekula."

Ule uongo wa ng'ombe Nguchiro akabaki nao. Bi Siwatu akafunua sufuria, akamsogezea. Naye akala, amempa mgongo asimwone uso.

Funzo lake, nyie mliokaa, ni hili: mgonjwa akikataa chakula msimlazimishe, kwani jirani yupo, atakila. Ndilo funzo Nguchiro alilowafundisha wanawe. Lile jingine alishindwa kuwaambia.

Hadithi imeinuka, inajikung'uta vumbi. Ipisheni ipite.
— Ipite salama.